Ramones: Jina Moja la Ukoo kwa Watu Wasio Ndugu

Wengi wamelijua jina la Ramones kupitia nguo kabla ya kulisikia redioni. Ni ile fulana nyeusi yenye tai mweupe ndani ya duara, na majina ya watu yamemzunguka. Vijana wanaivaa katika nchi nyingi, na hata kwenye marobota ya mitumba si ajabu kuikuta. Ukimuuliza aliyeivaa, mara nyingi atasema ni kampuni ya nguo. Kumbe ni bendi, tena bendi iliyopiga muziki kwa miaka 22.

Vijana wanne waliianzisha mwaka 1974 huko Forest Hills, katika eneo la Queens, mjini New York. Jeffrey Hyman alijiita Joey Ramone. John Cummings akawa Johnny Ramone, Douglas Colvin akawa Dee Dee Ramone, na Thomas Erdelyi akawa Tommy Ramone. Hakuna aliyezaliwa na jina hilo, na hapakuwa na ndugu wawili kati yao. Dee Dee ndiye aliyelileta, baada ya kusikia kwamba Paul McCartney wa Beatles aliwahi kutumia jina la uongo la Paul Ramon. Wakakubaliana kwamba kila anayeingia katika bendi ataacha jina la baba yake mlangoni na kuchukua hilo.

Tommy hutajwa wa mwisho kwa kawaida, lakini anastahili kuwa wa kwanza. Alizaliwa mwaka 1949 mjini Budapest, Hungaria, kwa jina la Tamás. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao waliokoka mauaji ya Wanazi kwa kuwa majirani waliwaficha. Jamaa zao wengi hawakuokoka. Katika miaka ya 1950 familia ilihamia Marekani, na yule mtoto akaanza shule kwa lugha asiyoijua, jina lake likageuzwa kuwa Thomas. Walioko kambini, au katika familia zilizowapokea, hawahitaji kuelezwa jinsi jina la mtu linavyoweza kubadilika njiani. Huyo aliyekwisha kupoteza jina moja ndiye aliyesaidia kujenga jina jingine likabeba watu wengi.

Mwanzoni Tommy hakuwa mpiga ngoma. Alikuwa amefanya kazi katika studio na alitaka kuwa meneja wao. Aliyekaa kwenye ngoma alikuwa Joey, lakini nyimbo zilizidi kuwa za haraka na mikono yake ikashindwa kuzifuata, ndipo wakamweka mbele aimbe. Wakatafuta mpiga ngoma. Kila aliyekuja kujaribiwa, Tommy alilazimika kukaa na kumwonyesha namna ya kupiga, na hakuna aliyeweza kupata ile namna nyepesi waliyoitaka. Mwishowe wenzake wakaona kwamba mtu wao walikuwa naye tayari.

Muziki wenyewe uliitwa panki. Ni muziki wa roki uliopunguzwa hadi mifupa: gitaa moja lenye sauti nzito, besi, ngoma na mwimbaji. Hakuna gitaa kuzunguka peke yake kwa dakika tano, wala wimbo wa kumchosha mtu. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Iligharimu takriban dola 6,400, kiasi kidogo sana kwa studio za Marekani wakati huo. Mwezi wa Julai mwaka uleule walikwenda London, na miongoni mwa waliokuja kuwaona walikuwemo vijana wa The Clash, bendi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Uingereza ikashika moto. Lakini nyumbani Marekani kanda na sahani zao hazikuuzwa kwa wingi, na hilo liliwauma hadi mwisho.

Bendi isiyouza sahani hula kwa kusafiri. Walikuwa wakipanda gari moja, mji baada ya mji, mwaka baada ya mwaka. Tommy ndiye wa kwanza kuchoka na maisha hayo. Mwaka 1978 aliacha ngoma, ila hakuondoka kwa ugomvi: alirudi studio na kuendelea kuwaongoza wakati wa kurekodi. Nafasi yake ilichukuliwa na Marc Bell, naye akawa Marky Ramone. Jina likabaki, mtu akabadilika, na kwenye fulana jina la Tommy likapisha jina la Marky. Mchoro wa fulana hiyo ulibuniwa na Arturo Vega, msanii mzaliwa wa Mexico aliyekuwa rafiki yao wa karibu. Aliiga muhuri wa rais wa Marekani, akamshikisha yule tai tawi la mtofaa na gongo la mchezo wa besiboli.

Msikilizaji wa Kongo amezoea njia nyingine. Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, JB Mpiana na Werrason kila mmoja alikwenda upande wake, na jina la Wenge likabebwa pande zote mbili. Ramones hawakupasuka hivyo. Walibadilisha mtu mmoja mmoja, mlango ukifungwa nyuma ya aliyetoka.

Na ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na amani. Joey alikuwa mrefu, mpole, mwenye maradhi ya wasiwasi yaliyomfanya arudie jambo moja mara nyingi, na kisiasa alikuwa wa mrengo wa kushoto. Johnny alikuwa mkali kama kamanda, mhafidhina, mwenye kuhesabu fedha na saa. Hayo wangeweza kuyavumilia. Ila mapema katika miaka ya 1980 mpenzi wa Joey alihamia kwa Johnny, na baadaye wakaoana. Tangu hapo wanaume hao wawili karibu hawakuzungumza tena, huku wakipanda jukwaa moja na kusafiri katika gari moja kwa zaidi ya miaka kumi. Likiwepo la kuambiana, lilipitia kwa mtu wa tatu. Mtu aweza kuita huo ukaidi au uvumilivu, na pengine hata wao hawakujua ni upi. Lakini kati ya wanne wa mwanzo, waliobaki hadi siku ya mwisho ni hao wawili.

Wengine waliendelea kuingia na kutoka. Marky alifukuzwa mwaka 1983 kwa sababu ya pombe. Akaja Richard Reinhardt, yaani Richie, mpiga ngoma hodari aliyetunga nyimbo pia. Mwaka 1987 Richie alidai naye apate sehemu ya fedha za fulana, kwa kuwa naye alikuwa anazitolea jasho. Hawakuelewana, akaondoka katikati ya safari. Hapo ndipo panapoonekana wazi kwamba kupewa jina la ukoo si kupewa urithi. Clem Burke wa bendi ya Blondie aliombwa kuziba pengo, akaitwa Elvis Ramone, akapiga maonyesho mawili tu. Marky, aliyekuwa ameacha pombe, akarudishwa.

Dee Dee, aliyetunga nyimbo zao nyingi na aliyesumbuliwa na heroini tangu ujana, aliondoka mwaka 1989. Badala yake alikuja kijana Christopher Ward, aliyeitwa CJ. Alikuwa askari wa kikosi cha majini aliyetoroka jeshini, na ilimbidi kwanza akae kifungoni kabla ya kushika besi. Dee Dee aliendelea kuwatungia nyimbo, kama mtoto aliyehama nyumbani lakini bado anatuma kitu mwisho wa mwezi.

Onyesho la mwisho lilifanyika Hollywood tarehe 6 Agosti 1996. Kwa hesabu yao lilikuwa la 2,263. Dee Dee alipanda jukwaani akaimba wimbo mmoja.

Joey alikufa kwa saratani tarehe 15 Aprili 2001. Johnny alijua kwamba anaumwa na hakumpigia simu. Baadaye, katika filamu iliyotengenezwa kuhusu bendi, alikiri kwamba kifo hicho kilimhuzunisha, na alisema hivyo kama mtu anayejishangaa. Mwezi wa Machi 2002 bendi iliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki la Marekani. Waliotajwa ni wanne wa mwanzo pamoja na Marky. Richie na CJ hawakutajwa, ingawa CJ alibeba besi kwa miaka saba. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Dee Dee alikutwa amekufa kwa heroini. Johnny akafuata Septemba 2004, kwa saratani ya tezi dume. Mali ya jina ikabaki kwa mdogo wake Joey na kwa mjane wa Johnny, nao pia wamefikishana mahakamani.

Mwaka 2014, miaka 38 baada ya kutolewa, ile albamu ya kwanza ilitambuliwa rasmi nchini Marekani kuwa imefikia mauzo ya nakala 500,000. Kati ya wanne walioirekodi, aliyekuwa hai kuisikia habari hiyo ni Tommy peke yake, na mwezi wa Julai mwaka huo saratani ikamchukua naye. Baada yake, walioendelea kupanda jukwaani kwa jina la Ramone ni Marky, Richie na CJ, kila mmoja na wanamuziki wake.