Ghafla ama Polepole

Gari lilinizimia Engineer. Sijatunga. Ukiacha barabara kuu pale Flyover na upite Njabini, kuna mji mdogo wa Kinangop unaitwa hivyo, na ndipo mimi, niliyeacha uhandisi wa mitambo mwaka wa tatu, nilipokwama na nyumba yangu yote mgongoni kama kobe.

Nyumba yenyewe ni Toyota HiAce ya miaka ya tisini, injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8. Zamani ilikuwa matatu. Mjomba alipochoka na barabara aling'oa viti, akaweka kitanda cha mbao, meko ya gesi na mtungi wa maji. Niliposhindwa na kodi ya bedsitter akanipa funguo. "Kaa nayo. Lakini ukiiua, utalala nje." Nimelala ndani miezi kumi na minne, nikiandikia watu makala kwa simu.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi: kwa tambarare, sawa. Ikipanda mlima dakika kama ishirini, inaishiwa nguvu, inakohoa, inazima. Ukingoja robo saa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi mmoja wa Nairobi aliisikiliza kidogo akasema ni pampu, 45,000. Mimi nilikuwa na 38,000, na hata hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa karo. Mama aliuza ndama akanitumia pesa za semesta, na hiyo semesta mimi sikuwa chuo. Hata iliyotangulia sikuwa.

Sikumwambia. Nilijibu, "Asante mum, nimepata," na emoji ya mikono.

Kabla ya kulipia pampu nikaamua kujitibu mwenyewe. Nilibadilisha hita plagi zote nne. Dizeli haina spaki. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwenye injini hii hewa hubanwa zaidi ya mara ishirini. Asubuhi ya baridi, bila hita plagi, utapiga stata mpaka betri ikate roho. Lakini gari langu halikuwa na shida ya kuwaka! Shida ilikuwa kuzima. Nilibadilisha kitu kizima kwa sababu ndicho nilichokijua jina. Halafu nikabadilisha filta, nikaongeza dizeli, na karo ikabaki 31,400.

Ndio nikaamua kwenda Ol Kalou nikamwambie mama ana kwa ana. Nikafika Engineer, gari likakohoa.

Walionisukuma walinielekeza kwa mzee mmoja anayetengeneza malori ya viazi. Alikuja akipangusa mikono, na spana hakushika.

"Kijana, ilizima aje? Ghafla ama polepole?"

"Inazima tu, mzee."

"Hapana. Fikiria."

Nikafikiria. "Polepole. Inaanza kuchoka kwanza."

"Ghafla, mara nyingi ni waya. Ile swichi ya pampu inakosa moto, mafuta yanakatika mara moja. Polepole ni njaa. Inatoa moshi?"

"Hakuna."

Moshi mweusi, alinieleza, ni dizeli nyingi na hewa kidogo. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe ni dizeli ambayo haijaungua, ama maji ya rejeta yameingia ndani. "Yako haina moshi kwa sababu haina cha kuchoma."

Akafungua, akanionyesha ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Kichwa chake kilikuwa kimezama, hakitaki kuinuka. "Ona vile imevutwa. Kuna kitu kimeziba huko nyuma, kwa tangi. Pampu inavuta, haipati." Alichomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaweka mpira mwingine ndani ya mtungi wa lita tano wenye dizeli safi, akaufunga mtungi imara kwa kamba, akatoa hewa kwa ile pampu ya mkono. "Twende mlima."

Tulizunguka dakika arobaini, tukipanda na kushuka. Haikukohoa hata mara moja. Pampu ya 45,000 ilikuwa nzima.

Tangi liliposhushwa, tulipata vipande vya juala. Mjomba alipoteza kifuniko cha tangi zamani akaziba na karatasi hiyo, kabla hata mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Miaka yote hiyo ilikuwa inakatika, inaanguka ndani. Injini ikivuta kwa nguvu, vipande vinaziba mdomo wa bomba, ikizima, vinaachilia. Ndiyo maana ukingoja inapona.

"Kungoja si kupona," mzee akasema, ingawa alikuwa anaongea juu ya gari. Alitaka 2,500. Nikabaki na 28,900.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, nikaweka simu mezani na salio likionekana. Nilikuwa nimejitayarishia swali la "kwa nini". Hakuliuliza.

"Ilianza lini?"

Nilitaka kusema ni ule mtihani wa mwaka wa tatu ambao sikuenda. Ingekuwa rahisi, siku moja, sababu moja. Lakini haikuwa ghafla. Ilianza mwaka wa kwanza, darasa moja nililoruka, halafu lingine, halafu zile wiki ambazo nililala tu hosteli na kusema nina homa. Kila likizo nilikuja nyumbani nikapona, nikarudi, nikazima tena. Nikaanza huko mwanzo. Nilichukua muda. Viazi viliisha kumenywa, akakaa tu na kisu mkononi.

"Hiyo elfu tisa na mia moja utarudisha lini?" akauliza nilipomaliza.

"Kufikia Desemba."

"Sawa. Mimi naandika."

Na kweli akaandika, nyuma ya kalenda.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya Nyandarua. Nilingoja taa ya hita izime, nikapiga stata, ikawaka mara ya kwanza. Mama alitoka na shuka mabegani, akalizunguka gari, akachungulia kitanda changu, meko, nguo zangu kwenye ndoo.

"Hapa ndipo unalala?"

"Eeh."

Aliangalia tena, muda mrefu.

"Kuna nafasi ya gunia la viazi hapo chini ya kitanda. Lete mkono."