Kamba ya Mzinga

Mwaka 1968, mafuriko ya Rufiji yakiwa gumzo la kila baraza, nilikuwa na miaka 11. Nililala na babu kwenye dungu la shamba letu hapa Mchukwi, tukiwinga nguruwe. Usiku mmoja alivua shati, akaushika mkono wangu akauweka begani pake. Palikuwa na mfereji wa ngozi ngumu.

“Kamba ya mzinga hiyo, mjukuu wangu.”

Nilitaka habari za manoari. Nilijua kwamba Königsberg, manoari ya Wajerumani, ilijificha kwenye delta ya Rufiji mwaka 1914, Waingereza wakaipiga Julai 1915, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Babu hakunipa hayo. Alisimulia mizinga 10 iliyoopolewa, ikakokotwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam. Tope, kiu, na mwenzake aliyeketi chini ya mkwaju asiinuke tena.

“Nani alishinda, babu?”

“Sisi tulikuwa tunavuta.”

Nikaona hajui kusimulia.

Nilipostaafu ualimu nikasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Vita vya Mjerumani vinapobisha hodi, hakuna jemadari wa kushangilia. Kuna kijana anayekifuata mbio kikosi cha askari, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Nikafunga kitabu. Ilikuwa sauti ya dunguni.

Gurnah alikuwa na miaka 15 Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea mwaka 1964. Aliona watu wakifungwa, wakiuawa, wakifukuzwa. Miaka michache baadaye akakimbilia Uingereza. Aliporudi mwaka 1984 alimwona baba yake, mzee sasa, akienda msikitini, akajiuliza mtoto yule wa zamani aliona nini wageni walipoitwaa nchi. Hapo ndipo Peponi ilipochipukia. Naamini aliyeshuhudia mji wake ukigeuka usiku mmoja hawezi tena kuandika vita kwa hesabu ya washindi. Huandika bega.

Babu alifariki mwaka 1971. Pale palipokuwa na dungu sasa pana mikorosho. Leo ningejua la kumwuliza: yule wa chini ya mkwaju, aliitwa nani?