Balbu ya Wati 100

Nilipoanza kujifunza ufundi Kariakoo, mwaka 1996, juu ya meza ya fundi wangu kulikuwa na balbu ya wati 100 iliyofungwa kwenye kipande cha ubao, na nyaya mbili zikitoka chini yake. Nilidhani ni ya kutumulikia jioni. Kazi nyingi wakati ule zilikuwa redio, na redio zilikuwa na transforma nzito kama tofali. Umeme unaingia, transforma inaushusha, diodi nne zinaunyoosha, kapasita inautuliza. Ukipima hatua kwa hatua unaufikia ubovu.

Televisheni ndizo zilizotutia adabu. Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuonja matangazo yake yenyewe, ITV ikiwa na umri wa miaka miwili tu, na seti zilikuwa zikiletwa kila wiki. Ukifungua huoni tofali. Umeme wa ukutani, volti 230, unanyooshwa palepale na kufika volti kama 325, unajaa kwenye kapasita moja nene, kisha transista inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transforma inayoenea kiganjani. Kasi hiyo ndiyo inayoiwezesha transforma ndogo kubeba mzigo wa kubwa.

Seti ya kwanza niliyokabidhiwa, fyuzi yake ilikuwa nyeusi ndani, na kuna mtu alikuwa ameshaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Transista ilipiga shoti. Nikaweka fyuzi mpya na transista mpya, nikachomeka. Paa! Moshi. Transista niliyotoka kuinunua kwa pesa ya mteja ikawa imekwenda. Mzee, yule fundi wangu, hakunigombeza.

"Mwanangu, transista haifi bure. Tafuta kilichoiua."

Akaishusha balbu, akaiunga mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na umeme unaishia kwake. Kukiwa salama, inamulika mara moja kapasita kubwa inapojaa, halafu inafifia. Kabla ya kugusa chochote ndani aliiondolea kapasita hiyo umeme kwa rezista, kwa sababu seti iliyochomolewa bado inaweza kukurusha. Mwuaji alikuwa kapasita ya mikrofaradi 47, ndogo kama punje ya haragwe, iliyobanwa kando ya bati la kupozea joto miaka yote hadi ikakauka. Ndiyo iliyolisha chipu inayoiongoza transista. Ikikauka, amri inafika dhaifu, na transista inaungua kwa joto lake yenyewe. Tukabadilisha vyote. Balbu ikamulika, ikafifia. Sijawahi kufurahia giza kama lile.

Baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, ving'amuzi vya kupokelea matangazo ya dijitali vilijaa mezani. Taa nyekundu inapepesa, picha hakuna. Ukifungua unakuta kapasita ya upande wa volti ndogo imevimba kichwa. Spea ya bei ya chai, na nyumba nzima inapata taarifa ya habari.

Siku hizi mteja akifika anauliza bodi nzima. Simlaumu, ana haraka na bodi zipo madukani. Lakini mimi naumia nikiona bodi imetupwa kwa ajili ya kapasita moja, na kijana wangu wa kazi akikua bila kujua kilichoiua.

Balbu yenyewe imekuwa adimu. Za LED hazifanyi kazi hii, maana ndani zina saketi zao za kubadili umeme. Uzi wa balbu ya zamani, kadiri unavyopata moto ndivyo unavyozidi kuubana umeme, na hicho ndicho tunachokitegemea. Ile ya Mzee iliungua zamani, nami nimebakiwa na mbili. Ukiwa nayo kabatini, ile inayowaka njano na kuunguza vidole, usiitupe. Mpelekee fundi wa mtaani kwako.