Usiku Niliofua Mapazia

Usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu, mwaka wa pili chuoni, nilifua mapazia. Desa sikuwa nimeligusa, lakini ghafla vumbi la mapazia ya hosteli likanikera, nikaona siwezi kusoma mpaka yawe safi. Mwenzangu wa chumba akanitazama. "Mwanangu, utasapu."

Nikasapu kweli. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa na sababu tayari: mwalimu anabana, maswali yametoka nje ya mada, na hata hivyo mwandishi wa habari takwimu za nini? (Leo nazihitaji kila wiki.) Baba alipopiga simu nikasingizia mtandao. Jioni nikamfokea muuza chipsi kwa sababu ya kachumbari.

Yeye alidisko. Ila alikaa nasi wiki mbili za muhula mpya, anahudhuria vipindi, anaandika noti, anasema wamekosea namba yake ya usajili, watarekebisha. Nami nikimwitikia, "Watarekebisha tu." Hata mara moja sikumwambia twende ofisini tukaulize.

Miaka baadaye nilisoma kitabu cha Anna Freud cha mwaka 1936 kuhusu namna nafsi inavyojikinga. Huyu mama alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kufuata kazi ya baba yake, Sigmund, na anaandika kama mtu aliyekaa na watoto. Mtoto, anasema, anaweza kuukana ukweli unaomuumiza kwa kujitungia hadithi, na wakubwa wakamwachia. Mtu mzima akifanya vilevile, anagombana na uhalisia. Na kinga hizi hufanya kazi bila mwenyewe kujua. Hapo nilipumua: basi sikuwa mwongo, wala rafiki yangu hakuwa mwongo.

Halafu nikakwama. Maana kuhusu wiki zile mbili mimi nilijua. Hadithi yake niliitunza kwa sababu ilikuwa inaificha na yangu; yeye akikiri, ningebaki peke yangu na sapu yangu, na simu ya baba.

Mwaka jana alinipigia. Ana duka la vipuri sasa, mambo yake yanakwenda. Tulipiga stori, kisha akauliza, "Yale mapazia bado unayo?" Tukacheka mpaka akakohoa. Nikataka kumwambia kuhusu ofisi.

"Mtandao unasumbua," nikasema.