Siku tatu juu ya Kundelungu



Sisi watu wa Likasi tunajua kazi. Mtoto akizaliwa Panda, Kikula ao Shituru, anafungua macho na kuona moshi wa kiwanda na kamioni za mawe zikipita. Lakini kupumzika hatukufundishwa. Siku isiyo ya kazi tunalala usingizi, ao tunakwenda kwenye matanga, ao tunakaa kuhesabu madeni. Kwa hiyo nilipoomba kanisa letu kwamba jamaa chache na vijana waende kupumzika siku tatu mlimani, watu walinitazama kama mtu mwenye homa.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama katika mkutano. Akauliza: “Pasta, batoto banafukuzwa ku masomo sababu ya feza, na weye unatuambia tuende kutembea ku mulima?”

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende mahali pa ukiwa kupumzika, kwa kuwa hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Habari hiyo imo katika Marko, sura ya 6. Mzee akakaa chini, lakini niliona hakuridhika. Swali lake nilikwenda nalo mpaka juu ya mlima.

Tulichanga kwa miezi mitano. Mwenye feza alitoa feza, mwenye unga alitoa unga. Mama wa Kipendano wakaleta mafuta, chumvi na samaki kavu ya Mweru. Mwezi wa saba, mwaka 2023, tukapanda kamioni watu 19: wakubwa na vijana 11, watoto 8. Kati yetu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Shituru. Yeye ni mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines mwaka 2003 na 2004, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Kifua chake hakina nguvu tena. Na alikuwapo kijana mmoja mchimbaji, mwenye miaka 22, anayetafuta mawe kwa mikono na kamba. Jina lake alikuwa ameandikishwa na mama yake, yeye mwenyewe hakuomba. Nakiri mbele yenu kwamba sikufurahi kumwona. Nilidhani ataleta pombe.

Kundelungu ni nini? Watoto wetu wengi wanaimba jina hilo bila kuujua mlima wenyewe. Ni uwanda mkubwa ulioinuka kati ya mto Lufira, upande wa magharibi, na mto Luapula, upande wa mashariki. Ukiwa mbali unaona kama ukuta wa rangi ya buluu. Ukifika juu hakuna kilele. Ni tambarare ya majani, na upepo, na mbingu. Miti inajificha kandokando ya vijito. Likasi yetu iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, lakini huko juu kunafika karibu mita 1,700. Mutu anaweza kusema, “Mita 400 ni kitu gani?” Ngoja usiku wa mwezi wa saba ukufikie, utajua.

Sehemu kubwa ya mlima ni hifadhi ya taifa, iliyofanywa mwaka 1970, na walinzi wake ni wa ICCN. Sisi hatukulala ndani ya hifadhi. Tulipanga nyumba ya zamani ya mawe iliyo peke yake juu ya mlima. Mwenye nayo alituambia kwa simu: vyumba sita, vitanda kumi na viwili, matela mazuri, blanketi za kutosha. Tukalipa nusu ya bei mbele ya safari.

Njia ilitushika. Kamioni ilizama katika mchanga mara mbili, vijana wakashuka kusukuma. Tulifika usiku, vumbi mpaka ndani ya masikio. Mlinzi wa nyumba akatoka na taa mkononi, akatuhesabu kwa macho, akanyamaza. Kisha akasema polepole: “Baba, niliambiwa batu sita.”

Vyumba vilikuwa vitatu. Vitanda vinne. Blanketi tano. Bati la chumba kimoja lilikuwa limefunguka, unaona nyota.

Wapenzi, hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, sababu jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Mama shemasi alipanga vitu upesi, kama kawaida yetu. Akasema: “Pasta atalala ku kitanda cha chumba kikubwa na mama pasta. Batu bakubwa batakamata vitanda vingine. Vijana na batoto, ku salon, chini.” Nikasema, “Hapana, haina lazima.” Nilisema mara moja tu. Aliposema mara ya pili, nikakubali. Mnajua namna ile ya kukataa ambayo inangoja kulazimishwa? Ndiyo ile. Nilikuwa nimechoka, na moyoni nilijiambia kwamba heshima ya mtumishi ni heshima ya Bwana wake.

Nikalala. Karibu saa nane ya usiku baridi iliniamsha, hata chini ya blanketi mbili. Nikasikia mtoto anakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua. Kilikuwa cha mtoto anayetafuta hewa. Nikavaa koti, nikaenda salon.

Watoto walikuwa wamelala juu ya simenti, kama samaki zilizopangwa katika kikapo, na vitenge vya mama zao juu yao. Kati yao na mlango, mahali upepo unapoingia, alikaa yule kijana mchimbaji. Koti lake alikuwa amemfunika mtoto mwenye pumu, naye alikuwa amemkalisha wima juu ya magoti yake ili apumue. Alikuwa anatia kuni katika moto kidogokidogo, asiamshe wengine. Ndoo ya mayi ilikuwa karibu na moto, ipate kuwa vuguvugu.

Nikamwuliza, “Tangu saa ngapi?”

Akajibu: “Tangu balilala, Pasta. Haina neno. Mi nimezoea, ku mine tunalala inje. Lakini hawa batoto hawajazoea.”

Nikamwuliza kwa nini hakuniamsha. Aliangalia moto. Akasema bila hasira hata kidogo: “Pasta, ulikuwa unalala ku kitanda.”

Hakutaka kunihukumu. Alisema tu kama mtu anavyosema kwamba mvua inanyesha. Lakini nimesoma masomo ya Biblia miaka, nimehubiri juu ya Mchungaji mwema mara nyingi, na usiku ule niliona mchungaji alikuwa nani katika nyumba ile. Nikaamsha mke wangu. Tukamweka mtoto juu ya kitanda chetu, mama yake pembeni, dawa yake ikapatikana ndani ya mzigo uliobaki katika kamioni. Asubuhi pumzi ikarudi. Kama isingerudi, zahanati ilikuwa chini ya mlima, masaa mengi kwa njia ile ile ya mchanga. Bado natetemeka nikifikiri.

Asubuhi, mbele ya chai, nilisimama mbele ya wote. Niliomba msamaha kwa wazazi, kwa watoto na kwa yule kijana. Mama shemasi akalia, akisema kosa ni lake. Nikamwambia, “Hapana, mama. Weye ulitoa kitanda, mimi ndiye nilikikamata.” Kisha tukapanga upya: watoto na wagonjwa juu ya vitanda, mama zao karibu nao, wanaume kulinda moto kwa zamu, pasta akiwa wa kwanza. Mlinzi wa nyumba akatuletea majani makavu, tukayaweka chini ya mikeka. Usiku wa pili hakuna mtoto aliyekohoa.

Siku ile ya pili tulikwenda na mlinzi wa hifadhi kuona maporomoko ya mto Lofoi. Mto ule unatembea polepole juu ya uwanda, ungesema ni kijito tu cha kufulia nguo. Halafu inchi inakatika, na mto unaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Mnajua lile bomba refu la moshi la Lubumbashi? Lina mita 150 na kidogo. Weka mabomba mawili ya namna ile, moja juu ya lingine, na bado mayi inatoka juu yake. Maporomoko makubwa ya Victoria, yale ya Zambia na Zimbabwe, ni mapana sana, lakini kimo chake ni karibu mita 108. Watu wanatoka Ulaya kwenda kuyaona, na sisi tuna haya ya Lofoi karibu na mlango, hatujaenda. Mwezi wa saba mayi imepungua, na upepo unaibeba na kuigeuza ukungu. Katika masika, mlinzi alituambia, inapiga ngurumo.

Watoto waliona pia korongo wawili wakubwa wakitembea katika majani kama wazee wa kanisa wanaokusanya sadaka. Wanyama wengine hatukuona. Wazee wanasimulia makundi makubwa ya zamani, lakini bunduki na mitego imewapunguza sana. Mlinzi alieleza pia juu ya moto: ukiwashwa ovyo mwisho wa kiangazi, unakula mpaka miti ya vijitoni, na vijito vikikauka, Lofoi nayo itakauka. Vijana walisikiliza kuliko wanavyosikiliza mahubiri yangu.

Mzee wetu wa Shituru alitembea polepole sana. Kila hatua ishirini anasimama. Yule kijana mchimbaji alibaki naye nyuma, akimbebea kiti kidogo cha mbao. Walifika saa nzima kisha yetu. Mzee akakaa, akatazama mayi bila kusema. Kisha akasema: “Miaka yote ile, mayi ya Mwadingusha ilinifanyia kazi. Ilitoa kuran, kuran ikatoa shaba, shaba ikatoa bukari ya batoto bangu. Siku hata moja sikukaa kuitazama mayi tu.”

Nikawaonyesha watoto upande wa magharibi, bonde kubwa chini yetu. Lofoi inashuka kuingia Lufira, na Lufira ni ule ule unaozungusha mashini za Mwadingusha, zilizofanywa mwaka 1930, na za Koni, za mwaka 1950. Mito hiyo inakutana, inakwenda kaskazini, inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo. Ng'ambo ya Lufira iko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Huko ndiko Frederick Stanley Arnot alifika na Injili mwaka 1886, akitembea kwa miguu miezi na miezi. Msiri aliuawa tarehe 20, mwezi wa 12, mwaka 1891, kwa risasi ya wazungu waliotaka inchi hii na shaba yake. Injili na bunduki vilitufikia karibu wakati mmoja, na watoto wetu ni vizuri wajue kutenganisha.

Tulirudi Likasi siku ya nne. Mwenye nyumba, tulipomweleza habari ya vyumba, alirudisha sehemu ndogo ya feza kisha maneno mengi. Mtoto ni mzima. Kijana angali anachimba, sitawadanganya. Lakini kila Jumamosi anakwenda kwa mzee wa Shituru, ambaye anamfundisha kazi ya kuran: waya, fuzi, namna ya kupima. Na siku ya Mungu wanaketi benchi moja.

Jamaa zinazotaka kufanya safari kama hii, ninawashauri hivi. Mmoja wenu atangulie kuiona nyumba kwa macho yake, mbele ya kulipa. Kila mtu abebe blanketi lake, hata kama mwenye nyumba ameahidi. Dawa za wagonjwa ziwe mkononi, zisiachwe katika mizigo. Moto wa kupika uzungukwe na udongo uliolimwa, na uzimwe na mayi. Na vitanda vipangwe mapema, kwa kufuata uhitaji wa mtu. Msifuate cheo chake.

Nimebaki na swali la yule mzee wa kanisa. Feza ile ingelipa masomo ya watoto wachache, ni kweli. Nilirudi kwake, nikamweleza yote, hata habari ya kitanda. Alicheka, kisha akanyamaza. Akasema: “Basi mwaka kesho tuchange mara mbili, mara ya masomo na mara ya mulima. Na mimi nitakuja. Nitalala chini.”

Katika ile Marko 6, watu wenye njaa waliwafuata Yesu na wanafunzi mpaka mahali pa pumziko, naye hakuwafukuza, akawalisha. Nafikiri pumziko la kweli ni lile ambalo mwenye uhitaji anapata nafasi ndani yake. Tulikwenda Kundelungu kupumzika kutoka kwa kazi. Mimi, Bwana alinipumzisha kutoka kwa heshima yangu mwenyewe, nayo ilikuwa mzigo mkubwa kuliko nilivyojua.

Ongeeni katika jamaa yenu leo jioni: kwetu nyumbani, kitanda kizuri kinalaliwa na nani, na nani analala karibu na mlango?