Hitilafu katika hesabu ya njahi

Nimekuwa nikipambana na hitilafu moja, na aliyeileta ni mimi mwenyewe.

Kikundi cha wakulima cha mama kilisikia kuna watu wanaonunua hewa ya kaboni, wakaniomba niwapigie hesabu. Wao hupanda njahi ili shamba lisikae wazi kiangazi, kisha masika yakikaribia hufukia mashina na majani. Nikaandika kiprogramu. Nikachukua wastani wa Poeplau na Don (2015): mimea ya kufunika udongo huongeza tani 0.32 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Zidisha kwa 44/12, unapata tani 1.17 za kaboni dayoksaidi. Nikawachapishia. Wakanipigia makofi.

Tatizo ni kwamba programu ilijua kujumlisha tu. Njahi ni jamii ya kunde, majani yake yamejaa naitrojeni. Ukiyafukia mabichi na udongo umelowa, bakteria waliokosa oksijeni hupumua kwa naitreti, na sehemu ya kinachotoka ni gesi ya naitrasi oksaidi. Kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za kaboni dayoksaidi, ukihesabu kwa miaka 100.

Tuseme hekta moja imefukiwa kilo 80 za naitrojeni. Kwa kanuni ya IPCC ya 2006, asilimia 1 hutoroka, yaani kilo 0.8. (Hapo nikakosea tena! Hiyo ni naitrojeni pekee, si gesi yenyewe. Lazima uzidishe kwa 44/28. Na digrii ya kompyuta ninayo.) Mwisho unapata sawa na kilo 343 za kaboni dayoksaidi. Karibu asilimia 30 ya faida niliyotangaza imeyeyuka. Na huo ni wastani tu: Basche na wenzake (2014) walikusanya vipimo 106, na katika asilimia 60 gesi hii iliongezeka, katika 40 ikapungua.

Nikampigia mama.

"Kwa hivyo, baba, tusipande njahi?"

"Pandeni, mama. Ila mabaki yaacheni juu ya udongo, na mbolea ya dukani mpunguze, kwa sababu njahi imeshawaletea."

"Sisi tunapanda tule. Hiyo hewa ni maneno yenu."

Jumamosi wanakutana. Karatasi mpya iko tayari, imeandikwa tani 0.83. Mwenyekiti ameshawatajia wanunuzi ile 1.17.