Makofi kwa Bao la Jirani

Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025, kijana wa jirani yangu hapa Kawangware aliniuliza huyo mzee alikuwa nani. Nikamwambia alikuwa mtangazaji wa mpira, na ndiye mwenye Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kilichoanza 1966. Akauliza tena: ungwana na mpira vinahusiana vipi? Sikupata nafasi ya kumjibu, maana tulikuwa kibandani tukitazama mechi ya Uingereza, na timu ambayo hakuna mle ndani aliyeishabikia ikafunga bao la pasi tupu, kutoka kwa beki hadi wavuni. Nikapiga makofi. Kibanda kizima kikanigeukia. "Mzee, hao si wetu," kijana akaninong'oneza.

Basi nimjibu hapa.

Mimi makofi nilifundishwa na fundi wa viatu. Kibanda chake kilikuwa karibu na steji ya mabasi ya 46, mabati machache na gunia mlangoni, na ukiingia ulipokewa na harufu ya gundi, ya ngozi iliyoloweshwa kwenye karai, na ya rangi nyeusi ya viatu ambayo haikuwahi kumtoka kwenye kucha. Redio ilikaa kwenye rafu, imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili kifuniko cha betri kisianguke. Siku ya mechi aliamka akazianika betri juani, juu ya bati, zipate nguvu za kufika dakika ya tisini. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuzilinda zisiibwe.

Alikuwa shabiki wa damu wa Ingwe, yaani AFC Leopards, ambao zamani waliitwa Abaluhya. Hata hivyo mle kibandani kulikuwa na sheria: bao zuri la wapinzani wao, Gor Mahia, lilipigiwa makofi sawa na la timu yake. Aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye aproni, akapiga makofi, kisha akaokota kiatu akaendelea kushona. Aliyenuna aliulizwa, "Wewe umesikia hiyo pasi, au ulikuwa unasikiliza jezi?" Watangazaji wa Sauti ya Kenya walimsaidia kutulea. Sauti zao zilimpandia Allan Thigo wa Gor kama zilivyompandia mchezaji yeyote wa Abaluhya, na sisi tuliokuwa tumetega masikio hatukuwa na njia ya kumwona mtu bila kwanza kusikia alichofanya na mpira kikisifiwa.

Siku ya mechi kubwa alitupeleka mjini. Tulipanda basi la KBS nambari 46, tukashuka katikati ya jiji, na kutoka hapo ilikuwa miguu: Tom Mboya Street, Landhies Road, Muthurwa, hadi City Stadium kando ya Jogoo Road. Njiani kijani ya Gor na buluu ya Ingwe zilitembea pamoja. Huku ngoma za isikuti, huku nyimbo za K'Ogalo, ndio hao Gor, na mtu wa katikati akila njugu za pande zote mbili. Ilikuwa mechi ya mashemeji kwelikweli: huyu wa Gor amemwoa dada ya yule wa Ingwe, na wote wawili wanajua kwamba mwezi ujao watakutana matangani au kwenye mahari. Kwa hiyo matusi yalikuwa na kipimo. Ungemtania shemeji yako hadi machozi yamtoke kwa kicheko, lakini hungemtukania mama.

Picha ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Mahmoud Abbas, kipa aliyetoka Mombasa, tuliyemwita Kenya One. Alikuwa wa Leopards. Alipoupangua mkwaju uliokuwa umekwisha kuwa bao machoni pa kila mtu, watu wa Gor walishika vichwa kwanza, halafu mikono ileile ikashuka ikakutana. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani alipiga makofi huku akitikisa kichwa kwa uchungu. Yalikuwa makofi ya mtu anayejua mpira, na yalimgharimu.

Mwaka 1987 Gor walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, wakaja uwanja wa Kasarani wakatoka 1-1, na mabao ya ugenini yakawapa Kombe la Washindi la Afrika. Siku hiyo ya Kasarani fundi wa viatu alifunga kibanda akaenda. Alirudi usiku sauti imekauka, huyu mtu wa Ingwe, na kesho yake hakufanya kazi hadi saa nne.

Baadaye mambo yaliharibika, tena haraka. Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa kwenye mkanyagano katika uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya mashemeji. Mwaka 2012 fujo zikasimamisha mechi ya timu hizohizo. Wazee wakakaa nyumbani, na vijana wakahamia vibandani kutazama mechi za Uingereza. Kisha ikaja kamari ya simu. Hili linaniudhi zaidi, kwa sababu bao la mpinzani sasa ni shilingi zinazotoka mfukoni mwa kijana asiye na kazi, na mtu hawezi kuushangilia uzuri unaomnyang'anya nauli.

Na hao Waingereza ambao vijana wetu wanawaiga, makofi wanayajua! Aprili 2003 mashabiki wa Old Trafford walisimama kumpigia makofi Ronaldo wa Brazil, aliyekuwa amewafunga matatu akiwa na Real Madrid. Novemba 2005 mashabiki wa Madrid wenyewe, wakiwa uwanjani kwao, wakampigia Ronaldinho, mtu wa Barcelona. Kijana anavaa jezi ya Manchester mwaka mzima na hili hajawahi kuambiwa.

Hatuhitaji kwenda mbali. Kwenye uwanja wa raga wa RFUEA, Ngong Road, mechi ikiisha wachezaji hupanga mistari miwili, wapinzani wakapita katikati wakipigiwa makofi. Dkt. Joe Masiga, daktari wa meno aliyeifungia Ingwe mabao, alicheza raga pia, na naamini hilo lilionekana katika mpira wake.

Sasa karibu na hapo, Jamhuri, kuna uwanja mpya wa Talanta wa watu 60,000, uliokusudiwa Kombe la Afrika la 2027. Vijana wa Kawangware mtafika kwa miguu. Nawaomba jambo moja: wageni wakifunga bao zuri, simameni muwapigie makofi, na nyoosheni mikono juu ili watoto mliokuja nao waone.